Kufuli Nje, Filamu Ndani

Tulipomzika Kashindi mara ya pili, hakuna kijana wa avenyu yetu aliyeshika jembe. Kaburi tulilichimba sisi wanawake, mimi mbele. Wazee walikasirika. Mmoja wao, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado tunapitana kila siku bombani, aliniambia mbele ya watu kwamba nimeharibu desturi, kwamba tangu azaliwe hajaona mwanamke akiingia ndani ya shimo na chepeo. Nilimjibu, "Sasa umeona," nikaendelea kuchimba. Baadaye wengine walisema nina kiburi, wengine wakasema kifo kimenivuruga akili. Akili zangu nilikuwa nazo zote. Ila nilikuwa nakumbuka mwaka mmoja, na asiyeujua mwaka ule hawezi kuelewa kwa nini siku ya maziko niliwafungia mwanangu na wajukuu nyumbani kwa kufuli, nikawaachia filamu za kuogopesha, kisha nikatoka na jembe begani. Basi nitaueleza, halafu kila mtu aseme anavyotaka.

Mambo ya ukoo nitayaacha. Inatosha kujua kwamba Kashindi alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada ya baba, mtoto wake mmoja tu aliyebaki, na mimi nilikuwa ninakaa kwao Mulongwe, mtaa wa Uvira, na binti yangu Riziki ambaye bado alikuwa mdogo. Mume wangu alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi na hakurudi. Hilo silizungumzii leo. Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Mji ulikuwa na wenye bunduki wake, na milima ilikuwa na wenye bunduki wake, na wote walitafuta kitu kimoja: migongo ya vijana. Risasi zina uzito, magunia ya unga yana uzito, na njia ya kupanda kuelekea Mulenge, milimani, haina gari. Kijana aliyebebeshwa mzigo alirudi amekonda hadi mama yake anamtazama mara mbili, au hakurudi kabisa. Siku za kazi walichukua mmoja mmoja barabarani. Lakini Jumamosi, watu wakiwa sokoni, na Jumapili, watu wakitoka misa, waliuzunguka mtaa mzima kama wavuvi wanavyozungusha wavu, wakavuta. Wasichana nao walichukuliwa, kwa kazi nyingine. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na saloni ya kupokelea wageni. Ninaiona saloni ile kuliko ninavyokiona chumba ninachokaa sasa. Viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono, meza fupi yenye mguu mmoja uliofungwa waya, picha ya Bikira Maria juu ya mlango, na pembeni televizio imefunikwa kitenge, kikwembe tunavyokiita, kama mtoto mgonjwa. Chini yake kulikuwa na mashine ya kaseti na batri ya gari. Marehemu mume wa Shangazi alikuwa ameviacha vitu hivyo, na kila mtu alishangaa kwamba havikuporwa katika vita ya kwanza. Havikuporwa kwa sababu Shangazi alivizika nyuma ya choo ndani ya pipa, akapanda mboga za lengalenga juu. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakujua kusoma, lakini hukumsikia akiuliza nini cha kufanya.

Yeye ndiye aliyepanga mambo ya filamu. Jumamosi asubuhi, baada ya uji, alitundika mablanketi kwenye madirisha, akatuingiza sisi wote: Kashindi, mimi, Riziki, na vijana wawili watatu wa majirani ambao mama zao walikuwa wamemwomba. Halafu alitoka, akafunga mlango kwa kufuli upande wa nje, kufuli kubwa lililoonekana tangu barabarani. Akatandika mkeka wake chini ya dirisha la saloni, akakaa hapo na sinia za ndagala, dagaa wa ziwa letu, akichagua zile nzuri na kutoa mchanga. Mtu akipita anaona mama mmoja, samaki, na nyumba iliyofungwa. Ndani tulikaa hadi jioni, na Jumapili vilevile hadi jioni. Vijana hawawezi kukaa chumba kimoja siku mbili bila kugombana, bila mmoja kusema anakwenda kuona rafiki yake mara moja tu. Shangazi alilijua hilo, ndiyo maana alitafuta filamu, tena si filamu yoyote.

Kaseti zilitoka Bujumbura. Aliyezileta alikuwa jirani yetu Vumilia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kiume, ambaye alivuka mpaka wa Kavimvira karibu kila siku na sabuni na mafuta. Kaseti alizifunga tumboni ndani ya kikwembe, na kwenye mpaka walimpisha wakidhani ana mimba. Miezi nenda miezi rudi alikuwa na mimba ambayo haikuzaliwa, na wale wa forodha walimwuliza, naye aliwajibu kwa Kiswahili chetu cha Uvira, "Huyu mutoto anaogopa kutoka. Na minye siwezi kumulaumu." Siku ya kwanza alileta filamu za mapenzi. Shangazi alizirudisha.

"Hapana, Vumilia. Hizi banaangalia kidogo tu, halafu banaanza kuangalia mulango. Leta za kuogopesha."

"Za kuogopesha namna gani?"

"Za bafu, bale banatokaka mu kaburi. Za mashetani. Za batu ya mbinguni. Muntu mwenye kuogopa haamukake mu kiti."

Vumilia hakujua kusoma naye, kwa hiyo alichagua kwa picha ya juu. Picha ikiwa na meno, alinunua. Ikiwa na kaburi, alinunua. Ikiwa na mtu mwenye macho mekundu au chombo kinachoshuka kutoka mawinguni, alinunua. Ndivyo tulivyoangalia mwaka ule mambo ambayo nisingependa mtoto wangu ayaone: watu waliotoka makaburini wakatembea mikono mbele, wadudu wakubwa kuliko lori, mwanamke aliyezaa kitu kisicho mtu, na mtu mmoja wa chuma ambaye huwezi kumwua hata ukimpitishia gari juu. Tuliangalia zile zile mara nyingi, kwa sababu kaseti hazikuwa nyingi. Na tuliangalia bila sauti. Hilo ndilo jambo lililofanya filamu zile ziwe zetu. Shangazi aliifunga sauti kabisa ili isisikike nje, na Kashindi, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa na aliyependa kusema kuliko kula, alikaa chini karibu na televizio akawa anawasemea wale watu kwa kunong'ona. Kiingereza hakukijua. Alitunga.

Katika maneno ya Kashindi, watu wote wa filamu walikuwa watu wa Uvira. Wafu wakitoka kaburini walikuwa wanaulizana, "Bugali imeiva?" Wale wa mbinguni wakishuka na chombo chao chenye taa, mkubwa wao alisema, "Tumesikia hapa kuko zahabu," na mwenzake akajibu, "Hata minye nimetoka mbali juu ya hiyo hiyo." Lakini aliyempenda zaidi alikuwa mtu wa chuma. Huyo alimpa sauti ya askari wa kwenye kizuizi, nzito, yenye usingizi. Mtu wa chuma akimshika mtu shingoni, Kashindi alinong'ona: "Kitambulisho! Hauna? Toa sigara. Minye sivutake, niko chuma. Lakini toa tu." Tulicheka tukiwa tumeuma vikwembe. Riziki alicheka bila kuelewa, kwa sababu wakubwa wanacheka. Saa ya kula, Shangazi alipitisha sahani kwenye dirisha la nyuma, bugali na sombe ya majani ya muhogo, au ndagala zile mbovu alizozitoa kwenye sinia, na tulikula tukiwa tumeelekea mwanga ule wa buluu, mikono ikitafuta sahani yenyewe. Hadi leo nikila sombe iliyopoa ninaona meno.

Jumapili moja walifika. Tulisikia mabuti kwenye changarawe, na Kashindi akanyamaza katikati ya neno. Askari mmoja aliuliza nyumba hii ya nani na wenyewe wako wapi.

"Ni ya minye, baba," Shangazi akasema. "Batu wameenda Kavimvira kwa matanga. Banibakisha na hizi samaki."

"Hauna kijana?"

"Nilikuwaka na babili. Mumoja ziwa ilimukula. Mwingine iko Lubumbashi, haandikake."

Ikafuata sauti ya sinia ikikwaruza changarawe, ndagala zikimiminwa ndani ya kitu, na Shangazi akisema, "Chukua na hizi, baba, hizi njo nzuri." Wakati huo filamu ilikuwa inaendelea, hakuna aliyethubutu kugusa kitufe. Mwanamke wa kwenye televizio alikuwa amekimbilia kwenye kona na kitu kinamfuata, kinywa chake wazi kabisa, anapiga kelele, na sauti haitoki. Na sisi tulikuwa na sauti, tena nyingi, na vinywa tumefunga. Nilimbana Riziki kifuani hadi alama ya kifungo changu ikabaki usoni mwake. Mabuti yaliondoka. Shangazi hakugonga dirisha wala hakutuambia kitu. Tulimsikia tu akirudi kuchagua samaki, na baadaye kidogo sauti yake, ya kawaida kabisa: "Kashindi. Juu ya nini umenyamaza? Endelea." Tulidhani anataka tutulie. Nimekuja kujua baadaye kwamba hilo halikuwa jambo lote.

Watu huniuliza kama tulikuwa tunaogopa filamu zile. Tuliziogopa, ndiyo. Lakini woga wa filamu una mwisho, mtu anaona maandishi yanapanda, anajinyoosha. Nadhani tulizipenda kwa sababu hiyo.

Halafu baba wa Vumilia akafa. Alikuwa mzee, alikufa kitandani mwake kwa kifua, kifo ambacho mwaka ule watu walikiita bahati. Alikufa Alhamisi, na maziko yakawekwa Jumamosi. Asiye wa kwetu lazima aelewe hapa jinsi mambo yalivyo. Kaburi halichimbwi na mtu wa kulipwa. Vijana wa avenyu ndio wanaochimba, kila nyumba inatoa wake. Nyumba ambayo kijana wake hakwenda kuchimba inajulikana, na siku ikipata msiba, mama wa nyumba hiyo atakaa na maiti yake peke yake. Hakuna mtu atakayemtukana. Hawatakuja tu.

Ijumaa mchana Vumilia alikuja, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba. Nilikuwa jikoni ninapuliza makaa, yeye na Shangazi walikaa kwenye kizingiti, na nilisikia yote.

"Mama Kashindi, minye sikuombe kitu. Weye mwenyewe unajua."

"Ninajua."

"Ukisema hapana, nitasema alikuwa mugonjwa. Nitasema minye mwenyewe."

"Utasema, na batu batajua."

Miezi yote ile Vumilia alikuwa amepita mbele ya bunduki za mpakani na kaseti tumboni kwa ajili ya mtoto asiye wake. Shangazi alikaa akiangalia mikono yake. Kashindi ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao.

"Mama, niko muntu ao niko kaseti? Utaniweka mu sanduku mpaka lini?"

"Mpaka vita iishe."

"Na kama haiishe?"

"Nyamaza."

"Huyu muzee alinifundisha kushona nyavu. Nitaenda kumuchimbia. Nitachimba mbio, nitarudi, utanifungia, nitaangalia bafu yangu."

Shangazi alisema sawa. Sijamlaumu, na sikubali mtu amlaumu mbele yangu. Angefanya nini?

Waliwachukua makaburini, asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Vijana saba walikuwa ndani na kandokando ya shimo, mashati wameyavua, na askari walitokea upande wa juu, wakasimama ukingoni. Mzee mmoja aliyekuwapo alituambia kwamba hawakupiga kelele, hawakupiga risasi. Mkubwa wao alichungulia akasema, "Kazi nzuri. Tokeni na mashepeo yenu." Walitoka na machepeo yao. Shimo lilikuwa limefika kwenye mapaja. Wazee walijaribu kulimalizia, wakachoka, na baba wa Vumilia akazikwa juu juu, mawe yakapangwa kwa sababu ya mbwa. Vumilia alirudi kutoka kumzika baba yake moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa Shangazi, akaanguka miguuni pake. Shangazi alimwinua akamwambia, "Usinililie minye. Weye njo uko na maiti." Kisha aliingia saloni, akakaa kwenye kiti mbele ya televizio iliyozimwa. Ilikuwa Jumamosi, mablanketi yalikuwa tayari dirishani.

Habari ilikuja baada ya mvua kubwa. Mmoja wa wale saba alirudi, mguu umeoza nusu, akasema walikuta mapigano njiani, na Kashindi alianguka. Alimwona kwa macho yake, amelala kifudifudi, shati lake la mistari la kijani, na hakuna aliyerudi kumchukua. Shangazi alimuuliza habari za lile shati mara nyingi. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili haupatikani, wazee wa ukoo wanakata mgomba, wanaukata urefu wa mtu, wanauvisha nguo yake na kuuzika, ili yule aliyekufa apate pa kulala na waliobaki wapate kunyoa nywele na kumaliza matanga. Shangazi alikataa. Wazee walirudi, akakataa tena. Mara ya tatu alisema, "Fanyeni," na akaenda mwenyewe kuchagua mgomba nyuma ya nyumba, ulionyooka, akaupima kwa mkono wake mpaka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaongeza kidogo, kwa kuwa Kashindi alimzidi urefu. Tuliuvisha suruali yake ya misa. Sisahau uzito wake. Mgomba una maji mengi, ni mzito kama mtu, na ulilowesha nguo. Tuliuzika karibu na baba wa Vumilia, tukaweka msalaba wenye jina. Nyumbani Shangazi aliigeuza televizio ikaangalia ukuta. Vumilia alileta kaseti moja, kwa mazoea au kwa huzuni, sijui, Shangazi hakuipokea. Alisema, "Mwenye kuzisema hayuko."

Mwisho wa mwaka ule ule misako ilirudi kwa nguvu, na safari hii walitafuta wasichana. Jumamosi moja Shangazi aliamka, akaigeuza televizio, akatundika mablanketi, akaniambia, "Ingia na mutoto. Weye njo nimebaki naye." Akafunga kufuli, akatandika mkeka. Niliweka kaseti iliyokuwa juu, ile ya makaburi. Hakuna aliyeisemea. Wafu walitoka, wakatembea mikono mbele, hawakuulizana bugali. Riziki alikuwa amelala mapajani mwangu.

Mchana, nikasikia watoto wa jirani wakipiga yowe na kukimbia. "Muzimu! Muzimu ya Kashindi!" Kisha sauti uani: "Mama."

Nilisogeza blanketi upana wa kidole. Alikuwa amesimama kwenye lango la matete. Amevaa gunia lililotobolewa, miguu yake kama vijiti, ngozi ya kijivu kwa vumbi, nywele zimekuwa nyekundu kwa njaa. Mikono yake ilikuwa mbele kidogo, kama mtu asiyeona vizuri. Nitasema ukweli: nilifikiri televizio imefunguka na mmoja wao ametoka. Shangazi alikuwa ameinuka kwenye mkeka, ndagala zimemwagika, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kikwembe chake. Hakumsogelea. Aliyezikwa haitwi jina lake, hapewi chakula, hapiti mlangoni, mpaka wazee watoe mgomba ardhini. Hilo tulifundishwa wote. Na barabara ilikuwa nyuma ya Kashindi, wazi, na kila dakika aliyosimama pale ilikuwa dakika ya mtu mwingine kumwona.

"Mama, njo minye. Fungua."

"Tulikuzika," Shangazi akasema. "Baliona shati yako."

"Nilimupatia mwenzangu shati. Alikuwa na baridi."

Mfu pia angeweza kusema hivyo. Kisha Shangazi, ambaye hakuwahi kuangalia filamu hata moja, ambaye miezi yote ile alikaa nje akichagua samaki, alisema: "Kama uko mutoto yangu, yule muntu ya chuma anasemaka nini?"

Kashindi alimwangalia. Midomo yake ilikuwa imepasuka, aliilamba. Halafu ikatoka ile sauti nzito, ya usingizi, sasa imekwaruzika kama mlango wenye kutu. "Kitambulisho."

"Endelea."

"Hauna? Toa sigara."

"Endelea, mutoto yangu."

"Minye sivutake. Niko chuma." Alianza kulia. "Lakini toa tu."

Hapo nilielewa Shangazi alichokuwa anafanya chini ya dirisha lile. Kila neno la Kashindi, kila Jumamosi, alikuwa amelisikia na kulishika.

Hakumpitisha mlangoni. Katika hilo aliwatii wazee. Alimshika mkono, wakazunguka nyuma, akaniambia nitoe blanketi, na tukamvuta Kashindi kupitia dirisha la sahani. Alikuwa mwepesi kuliko mgomba wake. Aliketi kwenye sakafu ya saloni, mahali pake pa zamani, na televizio ilikuwa bado inawaka. Wafu walikuwa wanashuka kilima. Aliwaangalia kwa muda. Nilinyoosha mkono kuzima, akanizuia.

"Habatembeake hivyo," akasema.

"Nini?"

"Bafu. Habatembee. Banabaki palepale, mvua inabanyeshea." Kisha akajigeuza, akaegemeza mgongo wake kwenye televizio, na hakuiangalia tena, siku hiyo wala nyingine yoyote katika maisha yake.

Wazee walitaka kuutoa mgomba, lakini askari walikuwa wameweka kambi juu ya makaburi, na walipoondoka mtu aliyekuwa anajua maneno ya kusema alikuwa amekufa. Hivyo Kashindi aliishi miaka yote hiyo akiwa na kaburi lake na msalaba wake. Alishona nyavu, alioa, mke akamwacha, hakupata mtoto. Watu walimwita wa mgomba alipopita, na yeye aliwajibu, "Minye niko na parseli tayari, kiwanja yangu. Nyinyi muko wapangaji." Hakusimulia alichokiona. Shangazi alipokufa, yeye ndiye aliyemchimbia, tangu mwanzo hadi mwisho, akakataa msaada. Na mvua za mwaka huu zilipoanza, kifua kilimshika kama kilivyomshika yule mzee aliyemfundisha nyavu, akafa nyumbani kwangu. Mji umeshikwa tena. Ni wengine, au ni wale wale wenye nguo mpya. Vijana wanachukuliwa tena.

Heri, kitinda mimba wangu niliyempata baadaye kwa mume mwingine, ana miaka kumi na tisa. Alikuja jikoni asubuhi ya maziko, chepeo mkononi, akasema, "Mama, mujomba Kashindi lazima achimbiwe. Batu batasema nini?" Niliona miguu yake kwenye kizingiti. Nilimwambia aingie saloni. Nikamwingiza Byamungu, mtoto wa Riziki, na mdogo wake. Wana televizio nyembamba ya sola na kadi iliyojaa mambo yale yale, meno na makaburi. Niliwaambia waweke sauti sifuri. Heri alisema hii ni aibu. Nilimwambia aibu haina uzito, nimeshawahi kuibeba, na nikafunga kufuli nje.

Tulimzika mahali pake, palepale penye msalaba. Tulipofika chini hatukukuta mgomba. Udongo mweusi tu, laini, na kifungo kimoja cha suruali. Nilikiweka mfukoni, nikaendelea kuchimba hadi kaburi lilipofika kina chake.

Niliporudi jioni, udongo bado mikononi, sikufungua upesi. Nilisimama chini ya dirisha. Ndani, Byamungu alikuwa ananong'ona, anawasemea watu wa filamu. Jitu fulani la mbinguni lilikuwa limemshika mtu, na Byamungu alilipa sauti nzito: "Toa simu. Haina moto mu batri? Toa tu, nitaitia moto kwetu." Wenzake walikuwa wanacheka wamejiziba vinywa. Nikaketi chini, mgongo ukutani, nikasikiliza hadi mwisho, na maneno yote nikayashika, moja moja, kama yalivyosemwa. Siku moja ninaweza kuhitaji kuyauliza mlangoni.